Plasta ya Sanduku la Kumi na Saba

Wadi ilikuwa inanuka, na Afande hakujitia hamnazo. Dawa ya mashuka ilikuwa imemwagwa mpaka basi, lakini haikufua dafu mbele ya harufu ile. Alivuta kiti kando ya kitanda cha nne, akakaa, akafungua daftari. Nyuma yake Sajini alisimama wima akitazama dirisha, maana alikuwa ameshaambiwa ugonjwa wenyewe ni wa wapi na aibu ilikuwa imemshika tangu kwenye ngazi.

"Nionyeshe barua, dada," Afande alisema.

Aliyelala pale alikuwa fundi cherehani, umri wake miaka arobaini na mitatu, amebaki mifupa na macho. Aliingiza mkono chini ya mto akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya mpango wa taifa wa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, na mhuri wa bluu wa maabara kuu ulikuwa bado unang'aa. *Sampuli yako imesomwa. Hakuna dalili yoyote. Rudi baada ya miaka mitatu.* Tarehe ilikuwa ya miaka miwili na miezi miwili iliyopita.

"Mwaka mmoja baadaye nikaanza kutoka damu," Fundi alisema. "Nikienda zahanati yoyote wananiuliza, una barua? Ninayo. Wanaisoma, wananiambia mama wewe uko salama, hiyo ni hedhi inaaga. Miezi minane nimepigwa danadana. Barua hii ndiyo iliyonifunga mdomo."

"Na daktari wa hapa?"

"Huyo amesema kweli. Amesema tumechelewa."

Miguuni pa kitanda aliketi mwanamke mwingine, mdogo kwa miaka mitano au sita, uso ule ule lakini wenye nyama. Alikuwa amekumbatia mkoba kama mtu anayengoja kuibiwa.

"Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja," Fundi alisema. "Tulipimwa siku moja. Mimi nimetoka, yeye akaingia. Naye ana barua kama yangu, neno kwa neno. Nimemwambia akapimwe tena, hataki."

"Dada, yangu imesema salama."

"Yangu ilisema nini?"

"Yako wamekosea. Sasa ndiyo wamekosea zote?" Mdogo mtu alisema haraka, na mkoba akaubana zaidi. Hofu ilikuwa imemjaa mpaka kwenye vidole.

Fundi alimgeukia Afande. "Sikukuita ili mtu afungwe. Yaani afungwe, tena afungwe haswa, lakini hilo lije baadaye. Nataka huyu aambiwe ukweli wa barua yake kabla hajalala kwenye kitanda hiki."

Kwenye korido Sajini alipata tena sauti. "Watatu, Afande. Wadi hii moja ina wanawake watatu, wote wa zahanati moja, wote walipimwa wiki moja, wote wana barua ya salama. Mimi namshuku muuguzi. Aliwachukua sampuli za ile... ile sehemu, akachanganya majina."

"Mlango wa kizazi, Sajini. Na wewe ulipita hapo hapo ukija duniani, usijifanye mgeni."

*

Muuguzi wa zahanati alikuwa pande la mtu, msemaji, mikono imechakaa kwa sabuni. Aliposikia neno kuchanganya alikaribia kuwatoa nje wote wawili.

"Mimi? Nichanganye? Hebu kaa hapo, kijana. Kaa kitandani."

"Mimi nimesimama tu," Sajini alisema.

"Basi Afande, tazama wewe." Alitwaa kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole. "Mwanamke amelala hapo. Namuuliza jina. Naandika kwa penseli kwenye ncha ya kioo, yeye bado amelala. Nachukua sampuli, napaka, napuliza spiriti, naweka kwenye tundu lake sandukuni. Ndipo anashuka. Mezani hakuna kioo cha pili. Nitachanganya na nini, na kijiko changu cha chai?"

Afande alimfanya arudie mara tatu, mara ya tatu akimsemesha kusudi ili apoteze mkondo. Mkono wa muuguzi haukukosea. Sajini alikuna shingo. Mshukiwa wake alikuwa ameyeyuka.

"Lete rejista," Afande alisema.

Ilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mwanamke na mstari wake, na mwisho wa mstari jibu lililorudi kutoka maabara kuu. Afande aliteremsha kidole. Salama, salama, salama, halafu herufi R kwa wino mwekundu. Salama, salama, R.

"Hii R?"

"Irudiwe. Kioo hakikusomeka. Labda damu ilikuwa nyingi, au nimepaka nzito." Muuguzi aliona haya kidogo. "Kila wiki wananirudishia watano, sita. Nawaita tena, wananitukana, nawapima upya. Ndiyo kazi yenyewe."

Kidole kiliendelea. Wiki moja R tano. Nyingine saba. Nyingine nne. Kisha kikafika wiki ya Fundi, wiki ya kampeni, ambapo gari la vipaza sauti lilizunguka mitaa yote na wanawake wakaja mpaka wakajaa barazani. Majina mia mbili na kumi na tatu. Afande alifungua kurasa, akafungua, akarudi mwanzo, akafungua tena.

"Wiki hii mkono wako ulipona?"

"Vipi?"

"Mia mbili na kumi na watatu. Hakuna R hata moja. Hakuna mwenye dalili hata mmoja."

"Wiki ile nilikuwa hoi, Afande. Siku tano, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, hata chakula nilikula nimesimama. Ningeharibu zaidi kuliko siku zote. Majibu yaliporudi safi nikamshukuru Mungu, nikajisifia..." Maneno yalimkatikia. Alikaa juu ya kitanda kile alichomkaribisha Sajini. "Toba. Hata mimi ningeliona. Ningeliona kabisa."

"Ulifungaje sanduku?"

"Namba kumi na saba lile. Nafunga plasta ya vidonda kuzunguka kifuniko, halafu naweka sahihi juu, nusu kwenye plasta, nusu kwenye sanduku. Dereva mmoja aliwahi kunifungulia akidhani ni dawa za kuuza."

"Na orodha ya majina?"

"Kwenye bahasha, naibandika juu ya kifuniko. Zamani niliiweka ndani, spiriti ikamwagika, majina yote yakafutika. Tangu siku hiyo, nje."

Afande aliandika, akapiga mstari chini ya neno la mwisho. "Kwa hiyo anayetaka majina hana haja ya kufungua sanduku."

"Hana," muuguzi alisema, na akajifuta uso kwa kiganja.

*

Ofisi ya Mkuu wa maabara kuu ilipuliziwa manukato ya stroberi, na baada ya wadi ile Afande aliona afadhali ya wadi. Mkuu mwenyewe alikuwa amenona, shingo imemwagika juu ya kola, na alikuwa akijichokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Alikitazama kilichotoka, akakipangusa kwenye shajara, akawaonyesha viti. Ukutani nyuma yake palikuwa na vyeti vitatu vya pongezi na ubao mweupe. WANAWAKE WALIOFIKIWA. BARUA ZILIZOTUMWA. SIKU ZA KUPATA MAJIBU: 9.

"Mpango huu ni wa mfano, mama," alisema. "Wageni wanakuja kujifunza. Mwanamke wa miaka thelathini na kuendelea anaalikwa, anachukuliwa sampuli karibu na kwake, kioo kinakuja hapa, kinatiwa rangi, kinasomwa kwa darubini. Mwenye dalili anaitwa atibiwe mapema. Zamani walikuwa wanangoja barua miezi minne. Leo, siku tisa!"

"Zamani mlikuwa na wasomaji wangapi wa darubini?"

"Wanne."

"Na leo?"

"Mmoja. Wenzake wamestaafu. Lakini kwa ufanisi..."

"Wanne walitumia miezi minne. Mmoja anatumia siku tisa. Huyo mtu mnamlisha nini?"

Sajini alikohoa kuficha kicheko. Mkuu hakucheka.

"Ubao wako unahesabu barua," Afande aliendelea. "Vioo vilivyosomwa umevihesabu wapi?"

"Barua haiwezi kutoka kioo hakijasomwa."

"Sikukuuliza inaweza nini. Nimeuliza umevihesabu wapi."

"Hicho si kipimo tunachoulizwa na wizara."

"Haya. Nataka sanduku la kumi na saba, la wiki ya kampeni."

"Ah, hilo la zamani. Tumeshateketeza. Taratibu zinatutaka..."

"Mkuu," Sajini alisema kwa upole, "taratibu zimebandikwa nyuma ya kichwa chako. Zinasema vioo vitunzwe miaka mitano."

Stoo ilikuwa chini ya ngazi, na ufunguo wake ulichukua nusu saa kupatikana, ingawa mwishoni ulitoka mfukoni mwa Mkuu mwenyewe. Mlangoni palizibwa na makatoni ya vipeperushi, kila kimoja na picha ya mwanamke anayecheka, JALI AFYA YAKO, KAPIMWE. Sajini aliyasogeza. Nyuma yake yalipangwa masanduku ya vioo mpaka dari, yamemwagiwa mavi ya panya kama pilipili manga. Panya mmoja alitoka, akawatazama, akarudi ndani bila haraka. Kwake.

"Hesabu," Afande alisema, leso puani.

"Arobaini na moja. La kumi na saba hili hapa."

Afande alilibeba mpaka dirishani. Bahasha ilikuwa bado imebandikwa juu ya kifuniko, imechanwa, tupu. Plasta ilikuwa imegeuka njano, lakini ilizunguka kifuniko chote ikiwa nzima, na sahihi ya muuguzi ilipita juu yake kutoka sandukuni mpaka kwenye plasta bila kukatika hata unywele.

"Labda walilifunga upya baada ya kusoma," Mkuu alisema. Jasho lilikuwa linamtoka puani.

"Plasta ikibanduliwa, sahihi haikutani tena. Jaribu, nina siku nzima."

Mkuu hakujaribu.

Sajini alipiga picha pande zote, kisha akakata ubavu wa sanduku kwa kisu ili plasta ibaki ilivyo. Vioo vilikuwa ndani, vimepangwa kwenye matundu yao, jina la kila mwanamke kwa penseli. Afande alivuta kimoja akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa cheupe, na ukungu mwembamba katikati kama mahali palipolambwa. Alimwagiza Sajini akaombe kioo chochote cha wiki hii kutoka chumba cha darubini. Kilichokuja kilikuwa na rangi, bluu na waridi, kimechangamka.

"Hivi havijatiwa rangi," Sajini alisema taratibu. "Bila rangi, darubini inaona nini?"

"Muulize Mkuu."

Mkuu alikuwa ameegemea katoni la vipeperushi. "Hakuna kitu," alisema.

Wanawake mia mbili na kumi na tatu walivua nguo, wakalala mbele ya taa, wakavumilia chuma baridi, halafu yakatolewa majina yao kwenye bahasha na sehemu yao wenyewe ikaachiwa panya. Afande alitamani kutema mate. Alitema, pale pale, karibu na kiatu cha Mkuu.

*

Msomaji wa darubini walimwita Miwani, mwanamke mkavu wa miaka hamsini na kitu, mwenye alama mbili za kudumu puani. Alipoliona sanduku hakuuliza limetoka wapi.

"Sahihi hizi za majibu ni zako?" Afande aliweka orodha mezani.

"Ni zangu."

"Ulisoma vioo?"

"Mimi nasoma sitini kwa siku. Ukinizidishia naona uji mtupu. Wiki zile yalikuwa yanakuja masanduku matano kwa mpigo." Aliongea akiitazama darubini yake. "Mkuu aliniletea orodha. Akasema weka sahihi, wote salama, ubao usichafuke. Tutavisoma tukipata nafasi."

"Na nafasi?"

"Haikupatikana."

"Mara ngapi?"

"Umehesabu masanduku."

Afande alifunga daftari. Alikuwa na swali moja ambalo halikuwa kwenye daftari. "Wewe mwenyewe umepimwa?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hospitali ya binafsi."

"Na mke wa Mkuu?"

"Huko huko. Tulikutana kwenye foleni."

"Lo! Mlisalimiana?" Afande aliuliza. Miwani aliinamisha kichwa. Hapo Sajini, aliyekuwa na aibu tangu asubuhi, alitukana waziwazi, na Afande hakumkanya.

Mkuu, aliyekuwa amewafuata, alipata tena ulimi. "Afande, fikiria na wewe. Ukitangaza jambo hili wanawake wataacha kuja. Nchi nzima! Utaua wengi kuliko hilo sanduku. Na kati ya hao, mia moja na tisini na zaidi ni wazima. Barua zao ni za kweli!"

"Nitajie waliobaki."

"Nani?"

"Hao wasio wazima. Majina yao. Wewe ndiye uliyewaandikia."

Mkuu aliuelekea mlango. Sajini alimshika mkono juu ya kiwiko akamtoa, na harufu ya stroberi ikatoka naye.

Afande alipiga simu hospitali ya rufaa akaomba msomaji wao aje kushuhudia, na msomaji huyo alipofika, Afande alivuta vioo viwili kutoka sandukuni, cha thelathini na cha thelathini na moja. "Rangi itashika?"

"Muuguzi alivipulizia spiriti vizuri," Miwani alisema. "Itashika kwa taabu, lakini itashika."

"Tia. Usome wewe, kwa macho yako. Mwenzako atasoma baada yako."

Vioo vilipita kwenye chupa moja baada ya nyingine, rangi, maji, spiriti, rangi. Miwani alianza na cha thelathini na moja, cha mdogo mtu. Alikizungusha chini ya darubini kwa dakika sita. Msomaji wa rufaa akainama baada yake, akaitikia kwa kichwa.

"Huyu aje," Miwani alisema. "Asingoje."

Kisha akaweka cha Fundi. Safari hii alichukua robo saa, na alipomaliza alisogeza kiti nyuma kama mtu aliyeungua. Afande alimpa karatasi. Aliandika mistari mitatu, mwenzake akaweka sahihi chini. Afande aliisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa kifuani.

*

Kesho yake asubuhi, mdogo wake Fundi aliletwa zahanati na Sajini, na njia nzima alilia. Muuguzi alimlaza, akampaka siki, ambayo hugeuza seli mbovu kuwa nyeupe, akasubiri dakika moja, akaelekeza taa. Baka jeupe lilitokea, dogo, na mipaka yake ikionekana vizuri. Alilichoma kwa kifaa chake hapo hapo. Alipotoka nje ya pazia aliketi kwenye meza yake, ambapo rejista ilikuwa wazi na simu iko pembeni. Alikuwa ameshawapigia wanawake arobaini tangu alfajiri.

"Limekwisha," alimwambia Afande. "Atarudi mwakani nimwangalie. Niache, nina wengine mia na sabini."

Afande alikwenda wadini mwenyewe. Mdogo mtu alikuwa ameshafika na Sajini, amekaa kitandani safari hii, ameegemea miguu ya dada yake. Fundi alikuwa anacheka. Ulikuwa mcheko dhaifu, wa hewa tu, lakini alikuwa anacheka.

"Kaniambia yote," alisema. "Afande, Mungu akuweke. Lilikuwa kubwa kiasi gani hilo baka lake?"

"Muuguzi anasema kama ukucha wa kidole kidogo."

"Na kulichoma?"

"Dakika kumi, pamoja na kuvaa nguo."

Fundi alitikisa kichwa akifikiri, huku akimpapasa mdogo wake nywele. Kicheko kilimwisha polepole. "Vioo vyetu vilikuwa pamoja," alisema. "Cha kwake mmekisoma. Basi na changu mmekisoma."

Sajini aligeukia dirisha. Afande alijua kwamba angeweza kusema kioo kilivunjika, kililiwa na panya, rangi haikushika. Siku mbili alikuwa amewabana watu waseme kweli. Alitoa karatasi mfukoni akaisoma kwa sauti ya kawaida.

"*Mabadiliko makubwa kwenye seli. Bado si saratani. Aitwe atibiwe.*"

"Bado si saratani."

"Siku ile, hapana. Ilikuwa bado."

"Dakika kumi," Fundi alisema.

"Ndiyo, dada."

Fundi alipokea karatasi, akaitazama mbele na nyuma, akaiweka chini ya mto. "Siku ile nilifunga kibanda changu cha cherehani kutwa nzima," alisema. "Nilimwambia muuguzi sina haraka. Hizo dakika kumi ningezingoja."